Tarehe kabla ya kiasi: kujenga upya historia ya mikopo Marekani kwa kipato kidogo, kwa ndugu zetu wa Kigoma

Shangazi yangu anakausha dagaa katika mwalo wa Kibirizi, na mfuko wake unafuata mwezi wa angani kuliko mwezi wa kalenda. Usiku wa giza mitumbwi inaingia ziwani na taa zake, dagaa wanaufuata mwanga, na alfajiri ndoo zinanunuliwa. Mbalamwezi inapokuwa kali taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na kwa siku kadhaa hakuna cha kuanika mchangani. Kodi ya chumba, ada ya mtoto na rejesho la kikundi haviulizi kama kuna mwezi. Kwa hiyo shangazi hutenga fedha za mbalamwezi wakati wa giza, kabla hajanunua hata kilo moja ya mchele, na kila fungu lina tarehe yake ndani ya daftari.

Niliishi Louisville, jimbo la Kentucky, miaka tisa kabla ya kurejea Ujiji, na nilichelewa mno kutambua kwamba daftari lile lilikuwa limekwisha kunifundisha jambo ambalo Marekani huwaadhibu wengi wetu kwa kutolijua, yaani kwamba tarehe ya malipo ina uzito kuliko ukubwa wa mshahara. Ninawaandikia waliotoka Kigoma mjini, Kasulu na Kibondo, waliopitia kambi ya Nyarugusu wakapelekwa Marekani, na jamaa zetu wa upande wa Tabora walioko huko. Sheria ninazozitaja ni za Marekani. Aliye Kanada au Ulaya atafute za nchi yake.

Alama za mikopo, yaani namba ambayo wakopeshaji huitazama kupima kama utalipa, zinazotumika zaidi huko ni za kampuni ya FICO, na huanzia 300 hadi 850. Takribani asilimia 35 ya alama hutokana na kulipa kwa wakati, na asilimia 30 hutokana na kiasi unachodaiwa ukilinganisha na ukomo wa kukopa uliopewa. Umri wa historia yako huchangia asilimia 15, na maombi mapya ya mikopo pamoja na aina za mikopo uliyonayo huchangia asilimia 10 kila moja. Mshahara haumo kabisa katika hesabu hiyo. Mfanyakazi wa ghala anayelipwa dola 15 kwa saa anaweza kuwa na alama za juu kuliko daktari, ikiwa tu analipa kabla ya tarehe na haitumii kadi yake ya mkopo hadi ukomo. Kwa kawaida malipo hayaripotiwi kuwa yamechelewa mpaka zipite siku 30 tangu tarehe yake, kwa hiyo ukikosa fedha leo bado una nafasi ya kulipa wiki ijayo bila doa, ingawa huenda ukatozwa faini ya kuchelewa. Doa likishaingia hukaa miaka 7, japo uzito wake hupungua kadiri malipo mazuri yanavyoongezeka juu yake.

Anza kwa kusoma taarifa yako mwenyewe ya mikopo. Taasisi tatu kubwa zinazotunza taarifa hizo ni Equifax, Experian na TransUnion, na kupitia AnnualCreditReport.com unaweza kuzipata zote bure, hata kila wiki. Tovuti nyingine nyingi zenye majina yanayofanana na hilo zitakudai kadi ya benki, nawe usiwape. Soma kila mstari kwa utulivu, na ikiwezekana zichapishe, kwa sababu watu wetu wana tatizo ambalo Wamarekani wengi hawalifahamu. Wengi waliosajiliwa kambini waliandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, majina yao yakapinduliwa, la baba likawekwa mahali pa la mtoto, na jina moja likaandikwa kwa herufi tofauti katika karatasi tofauti. Ukichukua watu wawili wenye jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa, na pengine waliopanga jengo moja, si ajabu deni la mmoja likatua katika taarifa ya mwingine. Niliwahi kukaa na kijana wa Kasulu mezani kwake, tukakuta mkopo wa gari katika jimbo ambalo hajawahi kukanyaga. Sheria ya mwaka 1970 inayosimamia taarifa hizi inakupa haki ya kupinga kosa bila kulipa chochote, na taasisi husika kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza na kukujibu. Andika barua, ambatisha nakala ya kitambulisho na ushahidi, itume kwa njia inayokupa risiti ya kupokelewa, na ubaki na nakala. Anayekuambia umlipe kwanza ndipo akusafishie jina, mwache aende zake, kwani sheria za Marekani zinakataza kampuni za aina hiyo kuchukua malipo kabla ya kazi kufanyika.

Kwa aliyefika kama mkimbizi, deni la kwanza huwa ni mkopo wa nauli ya ndege uliotolewa kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Hauna riba, na marejesho huanza miezi michache baada ya kufika. Wengi huudharau kwa sababu hakuna anayekuja kugonga mlango, ilhali malipo yake huripotiwa, na huenda hiyo ndiyo historia pekee uliyo nayo mwaka wa kwanza. Ukishindwa kiasi kilichopangwa, piga simu kwa shirika linalokusanya marejesho uombe kiasi kidogo zaidi kabla tarehe haijapita.

Mimi nilianguka kwa bili ya hospitali. Nilitibiwa usiku mmoja, nikahama nyumba mwezi uliofuata, na barua zikaendelea kwenda anwani ya zamani hadi deni likauzwa kwa wakusanya madeni. Niliposikia habari zake kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimeshanyimwa nyumba ya kupanga. Uchungu wangu mkubwa ulikuja baadaye, nilipojua kwamba hospitali zisizo za kibiashara zinalazimika kisheria kuwa na mpango wa msaada kwa wenye kipato kidogo, na kwamba mgonjwa ana angalau siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba msaada huo. Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Ulizeni. Ombeni fomu ya msaada wa malipo hata kama bili imekwisha kufika, na kila mnapohama badilisheni anwani posta na kwa kila mnayemdai au anayewadai. Tangu 2022 na 2023 taasisi zile tatu zimelegeza kidogo kamba: deni la matibabu lililolipwa huondolewa, ambalo halijalipwa haliingizwi mpaka utimie mwaka mmoja, na lile lililo chini ya dola 500 haliingizwi kabisa. Mwaka huo mmoja ni muda wa kutosha kuomba msaada, ukijua kwamba upo.

Mkusanya madeni akikupigia simu, usikubali deni wala kuahidi kitu kwenye simu. Una siku 30 tangu upokee taarifa yake ya maandishi kumtaka athibitishe, kwa maandishi, kwamba deni ni lako na kiasi chake ni sahihi, naye lazima aache kukudai mpaka atakapothibitisha. Kuwa mwangalifu zaidi na madeni ya miaka mingi, kwa kuwa katika majimbo mengi malipo madogo tu, hata ya dola 10 ulizotoa kwa nia njema, yanaweza kuanzisha upya muda ambao unaweza kushtakiwa.

Ukishajua unachodaiwa, unahitaji kitu kimoja kinachoripoti malipo mazuri kila mwezi, na kwa kipato kidogo kinachofaa zaidi ni kadi ya mkopo yenye dhamana. Unaweka, tuseme, dola 200, na hizo ndizo zinazokuwa ukomo wako. Weka juu ya kadi hiyo jambo moja dogo lisilobadilika, kama bili ya simu ya dola 40, kisha ifungie sandukuni usitembee nayo. Hapa kuna tarehe mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni siku ya kufunga hesabu ya mwezi, na kiasi kinachokutwa siku hiyo ndicho kwa kawaida kinachoripotiwa. Ya pili ni siku ya mwisho ya kulipa, ambayo huja takribani wiki tatu baadaye. Ukiwa umetumia dola 180 kati ya 200 siku ya kufunga hesabu, utaonekana mtu aliyekabwa na madeni hata kama utalipa zote kesho yake. Kaa chini ya dola 60, na ukizidi, punguza kabla hesabu haijafungwa. Lipa deni lote kila mwezi ili riba isikuguse, wala usidanganywe na wanaosema kwamba kubakiza deni huongeza alama. Aliye mgeni kabisa asubiri takribani miezi 6 tangu akaunti ifunguliwe ndipo alama ya FICO ianze kuonekana.

Haya yote hayawezekani bila bajeti, na bajeti ya huko inataka kufuata siku ya mshahara. Wengi hulipwa kila baada ya wiki mbili, yaani mara 26 kwa mwaka, lakini pango hudaiwa mara 12. Chukua mtu anayebakiwa na dola 1,000 kwa kila malipo baada ya makato. Akisubiri mwisho wa mwezi kutafuta pango la dola 800, sehemu kubwa ya malipo ya mara moja humezwa na nyumba, na wiki mbili zinazofuata huwa za kukopa. Afadhali kila anapolipwa atenge 400 za pango siku hiyohiyo, 75 za umeme na maji, 20 za simu, 125 za mafuta na bima ya gari, 175 za chakula, 30 za mkopo wa nauli na 50 za nyumbani. Jumla yake ni 875. Katika 125 zinazobaki, 50 ziende akiba na 75 ziwe za sabuni, dawa na viatu vya mtoto. Miezi miwili kwa mwaka atapokea malipo ya tatu, na hilo ndilo giza lake: lisichanganywe na matumizi ya kawaida, likalipe deni bovu zaidi au likafungue ile kadi yenye dhamana. Tarehe ya bili ikigongana na wiki isiyo na mshahara, piga simu uombe isogezwe, kwani kampuni nyingi za kadi hukubali.

Nyumbani tunaita mikopo ya kausha damu ile ambayo riba yake humaliza mtaji kabla ya biashara kusimama. Marekani nayo ipo, katika maduka yanayokopesha hadi siku ya mshahara kwa takribani dola 15 juu ya kila 100 kwa wiki mbili, na ukiipiga hesabu ya mwaka inakaribia asilimia 400. Kabla ya kuingia humo, nenda kwenye chama cha ushirika cha akiba na mikopo kilicho karibu nawe, kwa kuwa vingi hutoa mikopo midogo yenye riba nafuu pamoja na ile mahususi ya kujenga historia, ambapo fedha hukaa kwao mpaka umalize marejesho. Upatu wetu unasaidia kuweka akiba, lakini marejesho yake hayaonekani popote katika taarifa zako. Mission Asset Fund ya San Francisco ililiona pengo hilo ikaanzisha michezo ya aina hiyo inayoripotiwa kwa taasisi zote tatu, bila riba.

Kuhusu kudhamini nitasema wazi, kwa sababu nimeona undugu ukivunjika. Kule kwetu mdhamini hufuatwa mkopaji akikimbia. Ukitia saini mkopo wa gari la binamu yako Marekani, mkopo huo huandikwa katika taarifa yako tangu siku ya kwanza kama wako, na akichelewa siku 30 umechelewa wewe. Kama hauko tayari kulipa marejesho yote mwenyewe, mwambie hapana, kisha umsaidie kwa chakula au nauli.

Fedha za nyumbani nazo zina tarehe. Kutuma mara moja kwa mwezi kunaokoa ada kuliko kutuma mara nne kila anayelia anapopiga simu. Linganisha ada pamoja na kiwango cha kubadilisha fedha, ambavyo mtumaji anapaswa kukuonyesha kabla hujalipa, na ukikosea una dakika 30 za kufuta muamala iwapo fedha hazijachukuliwa. Tangu 1 Januari 2026, anayelipia kwa fedha taslimu hutozwa kodi ya asilimia 1, lakini anayelipia kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa huko haguswi na kodi hiyo. Epuka kutumia kadi ya mkopo, kwa maana kampuni nyingi huihesabu kama kuchukua taslimu, ikaanza kuzaa riba siku hiyohiyo.

Lililonigharimu zaidi lilikuwa kuona aibu kuwaambia wa nyumbani kiasi ninachoweza. Nilipopata ujasiri, nilimpigia shangazi jioni moja nikamweleza pango, simu, deni la hospitali na kile kinachobaki, nikamwambia kwamba tangu sasa nitatuma tarehe 15, dola 100 pamoja na ya kutolea, na kati ya mwezi sitatuma isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Nilitegemea anung'unike. Alinyamaza kidogo, nikasikia karatasi za daftari zikifunuliwa. "Ungesema mapema, mwanangu," akasema. "Mwenye mtumbwi nimekuwa nikimwahidi tarehe 5."