Kianzio cha chachu kwa lita 20 za bia

Kianzio, yaani maji machache ya kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) ambamo chachu hukuzwa kabla ya siku ya kupika, kipo kwa ajili ya kuzalisha chachu, si kutengeneza bia. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini maji ya kimea yanakuwa mepesi, kwa nini hewa inaachwa iingie, na kwa nini kinywaji kinachobaki juu humwagwa.

Pakiti mpya ya chachu ya maji huwa na seli zipatazo bilioni 100. Lita 20 za ale (bia inayochachuka kwenye joto la kawaida) zenye kipimo cha 1.050 kwenye haidromita, kifaa kinachopima wingi wa sukari katika maji, zinataka kama bilioni 190. Lager, inayochachuka kwenye baridi, inataka mara mbili ya hapo. Na pakiti haibaki ilivyotoka kiwandani: hata ndani ya friji, kwa makadirio, moja ya tano ya seli hufa kila mwezi. Iliyokaa siku kadhaa kwenye joto njiani huwa na hali mbaya zaidi. Chachu kavu ya bia ni habari nyingine: kwa ale ya kawaida haina haja ya kianzio, na ukiona haitoshi, ongeza pakiti ya pili.

Kwa pakiti yenye umri wa mwezi mmoja, andaa lita 2. Hesabu ni gramu 100 za unga wa kimea unaoyeyuka kwa kila lita, yaani gramu 200, na haidromita itasoma kati ya 1.035 na 1.040. Ukikosa unga huo, chukua gramu 400 za kimea cha shayiri kilichopasuliwa, kiloweke saa nzima katika lita 2.5 za maji yenye nyuzi 66, kisha chuja. Usizidishe nguvu ukidhani unaisaidia chachu. Sukari nyingi huichosha kabla hata haijaanza kazi yenyewe. Sukari ya dukani nayo iache: haina naitrojeni wala vitamini, na chachu iliyolelewa kwayo hubweteka, ikikutana na maltosi, sukari ya kimea iliyo kwenye bia, inasuasua.

Chemsha dakika 15 katika sufuria yenye nafasi. Povu la kwanza hupanda ghafla, ukigeuka tu limeshazima jiko. Nairobi, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 94, ongeza dakika tano. Funika, weka sufuria katika beseni la maji baridi, badilisha maji mara mbili tatu mpaka kipimajoto kisome nyuzi 20 hadi 25. Usikisie kwa kiganja: sufuria ikiwa vuguvugu nje, katikati inaweza kuwa na nyuzi 40, na hapo chachu inaumia.

Kuanzia hapa kila kinachogusa maji haya kiwe kimetakaswa, pamoja na mkasi wa kukatia pakiti, ambao ndio husahaulika. Mimina katika chupa au galoni ya lita 4, tia chachu, funika mdomo kwa foili bila kuibana. Kizibo chenye maji, kile cha kwenye pipa la bia, hapa ni kosa: chachu inahitaji oksijeni kuunda mafuta ya utando wa seli, na bila mafuta hayo haigawanyiki vizuri. Kila ukipita, izungushe chupa mpaka mashapo yainuke. Ukiwa na kikorogeo cha sumaku, lita 1.5 zinatosha.

Iache saa 24 hadi 36. Dar au Mombasa chumba kikiwa na nyuzi 30, isimamishe chupa ndani ya beseni la maji. Usihangaike kama huoni povu. Mara nyingi kazi huisha usiku umelala. Tazama rangi: maji ya kahawia yamegeuka kama chai ya maziwa, na yakitulia, chini hukaa tabaka la krimu. Haidromita ikisoma karibu na 1.010, imekwisha.

Weka friji siku moja au mbili chachu izame. Siku ya kupika itoe mapema, mwaga maji ya juu ubakize kidogo tu, tikisa, na uitie kwenye bia iliyokwisha kupoa huku tofauti ya joto baina yao isizidi nyuzi 5 hivi. Harufu ya mkate au tofaa ni ya kawaida, na chachu za lager huweza kunuka yai kidogo. Siki kali, utando juu au madoa ya rangi: mwaga yote.

Ukitaka akiba, kabla ya kuweka kianzio friji chota mililita 200 zilizotikiswa vizuri, weka katika chupa iliyochemshwa, usiukaze mfuniko, andika aina na tarehe, na uitumie kuanzisha kianzio kipya ndani ya miezi miwili.