Mbwa wa Bweni Atulie: Ratiba ya Siku Hatua kwa Hatua

Nalaza mbwa wa watu huku Lang'ata, Nairobi, kwenye vibanda tisa nyuma ya nyumba yangu, si mbali na ua wa mbuga. Mwezi wenye kazi nyingi ni Desemba, watu wanapofunga nyumba na kwenda mashambani, gari limejaa watoto na mizigo na mbwa hana pa kukaa. Wakati huo ndipo simu zinapoanza kuingia kutoka kwa wenzangu wanaoanza kazi hii, na kwa majirani waliokubali kumtunzia rafiki mbwa wake: amekataa kula, anazungukazunguka langoni, analia usiku kucha, nifanyeje?

Mbwa hajui kwamba mwenyewe atarudi Januari, na hakuna lugha ya kumweleza. Anachoweza kujua ni jambo linalofuata. Mlango ukifunguliwa ni matembezi, matembezi yakiisha ni chakula, chakula kikiisha ni kivuli na usingizi. Siku za kwanza mahali pageni, kotisoli, homoni ya msongo, hupanda mwilini mwake. Utamwona anahema bila joto, anapiga miayo, anaramba midomo, tumbo linamharibikia. Mambo yakianza kufuatana kwa namna anayoitambua, mwili hutulia taratibu. Hatua hizi ndizo ninazofuata kwa kila mbwa, awe chihuahua wa ghorofani Kilimani au boerboel wa nyumba yenye kibao cha "Mbwa Kali".

Hatua ya 1: Zungumza na anayemlisha

Mwenye mbwa atakuambia, "Anakula asubuhi na jioni." Sikiliza, kisha omba nambari ya simu ya mtu anayempakulia. Katika nyumba nyingi za jiji hili mwenye mbwa hutoka kabla ya mapambazuko kukwepa foleni ya magari, na hurudi giza limeingia. Mwenye kujua saa ya sufuria ni dada wa nyumbani au askari wa langoni.

Nilifunzwa hili na jamani shepherd mmoja kutoka Donholm, jina lake Simba. Nilimpa ratiba niliyowapa wote: chakula saa 1 asubuhi na saa 11 jioni, taa kuzimwa saa 3 usiku. Siku tatu mfululizo alibweka usiku kucha, mchana akalala fofofo, na chakula cha asubuhi hakukigusa. Niliumia sana, maana nilimwona anateseka na sikujua kwa nini. Siku ya nne nikampigia askari wa nyumba yao.

"Shikamoo, mzee. Simba huku halali."

"Marahaba, binti yangu. Huyo hajawahi kulala usiku tangu aje hapa. Mchana tunamfungia, ndio analala. Saa 1 jioni nampa ugali na omena. Saa 3 namfungulia, tunazunguka ua mimi na yeye. Tukimaliza anakaa kando yangu."

Kumbe Simba alikuwa kazini, na mimi nilikuwa namfungia mlango saa ile ile anayoripoti zamu. Jioni hiyo nikampikia ugali na omena, nikampa saa 1. Saa 3 nikachukua tochi tukazunguka ua wote, kona kwa kona, bila haraka. Alinusa kila nguzo, kisha akajilaza mbele ya mlango wangu. Alibweka mara mbili tu mpaka kulipokucha.

Mbwa wengi wa Nairobi wako hivyo: wanafungiwa mchana na kufunguliwa usiku. Ukimpokea mmoja ukamlazimisha saa za mbwa wa sebuleni, umemgeuzia mchana kuwa usiku siku ile ile aliyopoteza watu wake. Anza na saa zake. Ukihitaji kuzisogeza, sogeza dakika 15 au 20 kwa siku.

Maswali ninayouliza kwenye simu hiyo ni haya:

- Anakula nini, saa ngapi, kwenye bakuli gani?
- Hufungiwa saa ngapi na kufunguliwa saa ngapi?
- Anajisaidia kwenye nyasi, mchanga au saruji? Mbwa wa ghorofani aliyezoea saruji anaweza kusimama kwenye nyasi zako nzuri akajizuia kutwa nzima.
- Huambiwa maneno gani, na kwa lugha gani? Nimepokea mbwa anayekaa chini kwa "ikara thĩ" ya Kikuyu peke yake, na mwingine kwa "bed piny" ya Kijaluo. Ukimwambia neno la Kiingereza anakutazama tu.
- Sauti gani humwambia kwamba jambo linakuja: funguo, komeo la lango, mwiko kwenye sufuria?

Swali la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi. Wengi huniambia hakuna sauti yoyote, halafu baada ya dakika moja ya kufikiri wanakumbuka tatu.

Hatua ya 2: Ajaribu kulala usiku mmoja

Wiki mbili hivi kabla ya safari, mbwa aje alale usiku mmoja na achukuliwe kesho yake. Akishaona kwamba aliletwa, akalala, akafuatwa, mara ya pili hushuka garini kwa hatua nyepesi. Siku hiyo pia nakagua kadi ya chanjo: kichaa cha mbwa ndani ya mwaka mmoja, distempa, pavo, na kikohozi cha mbwa wanaokaa pamoja. Hiyo ya kikohozi ichomwe mapema, isingoje asubuhi ya kuja.

Mkague kupe ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia. Homa ya kupe huweza kuchukua wiki moja hadi tatu kabla ya kujitokeza, kwa hiyo mbwa anaweza kuingia kwako mzima na kuugua mikononi mwako. Mwambie mwenyewe hivyo mapema, na mkubaliane ni daktari gani wa mifugo ataitwa.

Hatua ya 3: Afike asubuhi

Nawaomba wateja wafike kabla ya saa 5 asubuhi. Mbwa anayeletwa jioni hukutana na giza kabla hajajua maji yako wapi. Anayefika asubuhi hupitia mzunguko wote mara moja kukiwa na mwanga.

Kumuaga kuwe kufupi. Najua ni vigumu, nimewaona wazazi wa familia wakitokwa na machozi pale langoni, lakini kadiri mnavyomkumbatia kwa muda mrefu ndivyo anavyoamini kuna hatari. Mwenyewe aniachie kamba, nasi tuondoke kwanza kwenda kutembea. Tukirudi, gari halipo, na kibandani kuna bakuli lake na fulana ya mwenyewe isiyofuliwa. Harufu hiyo ni kitu cha kwake katikati ya ugeni wote. Siku hiyo hakutani na mbwa wengine uso kwa uso. Awasikie na kuwanusa kupitia waya kwanza.

Hatua ya 4: Shika mfuatano, saa ifuate

Hapa wengi hukosea kwa kung'ang'ania dakika. Mbwa hasomi saa ya ukutani. Anasoma kwamba hiki huja baada ya kile. Mvua ya Aprili ikinyesha, stima ikipotea, msaidizi wako akichelewa kwa sababu ya matatu, unaweza kusogeza kitu nusu saa bila madhara, mradi usiruke kitu wala kubadilisha mpangilio. Siku ya mvua kubwa natembea naye dakika tano chini ya paa la karakana, kamba ikiwa shingoni, kisha chakula kama kawaida.

Kwa mbwa anayelala usiku, siku yangu huenda hivi. Saa 12 na nusu asubuhi nafungua vibanda. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua halibadilishi saa zake sana mwaka mzima, na hilo ni msaada mkubwa. Ndege ndogo za uwanja wa Wilson zinapoanza kupaa, mbwa wangu wa zamani tayari wamesimama mlangoni. Kujisaidia kwanza, kisha matembezi ya dakika 20 hadi 30 kwa njia ile ile siku tatu za mwanzo. Njia mpya kila siku humfurahisha mbwa aliyekwisha kutulia, lakini kwa mgeni ni mtihani juu ya mtihani.

Tukirudi anapumzika karibu saa nzima ndipo ale, na baada ya kula hakimbizwi. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama jamani shepherd na great dane, wanaweza kujaa gesi na tumbo likajipinda, na hali hiyo huua ndani ya saa chache.

Kuanzia saa 4 mpaka saa 9 ni kimya. Nasisitiza hapa, kwa sababu huruma huwasukuma watu kumchezesha mgeni mchana kutwa ili asahau. Mbwa mzima hulala au kujilaza zaidi ya nusu ya siku. Ukimnyima usingizi huo, jioni atakuwa mkali au mwenye wasiwasi, nawe utadhani anahitaji mchezo zaidi. Weka kivuli, maji, godoro lililoinuliwa kutoka kwenye saruji, uondoke.

Saa 10 jioni tunatembea tena. Baadaye namwaga punje chache za chakula kwenye nyasi azitafute kwa pua. Kunusa humtuliza kuliko kumrushia mpira. Saa 12 jioni anakula, saa 2 usiku anatoka kujisaidia mara ya mwisho, namwambia maneno yale yale ya kulala, nafunga. Julai, baridi inapouma, mbwa wenye manyoya mafupi huongezewa blanketi.

Hatua ya 5: Chakula kisibadilike

Aje na chakula chake cha siku zote, na cha siku mbili za ziada. Kama ni wa ugali na matumbo, pika ugali na matumbo, hata kama wewe unapendelea chakula cha gunia. Kubadilisha ghafla huleta kuhara, nawe hutajua kama ni msongo, chakula au ugonjwa. Ikibidi kubadilisha, changanya kidogo kidogo kwa wiki nzima. Msaidizi asimpe mabaki yenye vitunguu wala mifupa iliyopikwa.

Kukosa kula siku ya kwanza ni kawaida kwa mbwa mzima. Weka bakuli dakika 20, liondoe bila maneno, lirudishe mlo unaofuata. Usimbembeleze kwa vipande vya nyama. Atajifunza kwamba kugoma huleta kitu kitamu zaidi.

Hatua ya 6: Andaa usiku wenye kelele

Huku kwetu fisi hulia usiku, na mbwa wa Umoja au Kasarani hajawahi kusikia mlio huo. Nawasha redio kwa sauti ya chini tangu usiku wa kwanza, ili iwe sehemu ya kulala. Ukiiwasha siku ya fataki pekee, redio yenyewe itakuwa ishara ya hatari. Usiku wa Diwali na wa kuamkia mwaka mpya nawahisha matembezi na chakula, mfuatano ukiwa ule ule, wote wawe ndani kabla ya giza.

Hatua ya 7: Andika

Kila mbwa ana ukurasa kwenye daftari: amekula kiasi gani, choo kilikuwaje, amelala wapi na kwa namna gani. Mbwa anayelala ubavu, miguu ameinyoosha, ameanza kukuamini. Anayelala amejikunja akiutazama mlango bado anangoja.

Akifikisha saa 24 bila kula, mpigie daktari, na kama ni mtoto wa mbwa usingoje hata hizo. Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za selsiasi kwenye kipimajoto. Likipanda zaidi huku amepumzika, ufizi umepauka au mkojo umekuwa mweusi, hiyo si huzuni ya kuachwa. Fikiria homa ya kupe na uende siku hiyo hiyo.

Mwenye mbwa namtumia picha kila jioni. Simu za video ambazo mbwa atasikia sauti nazikataa kwa upole. Nimeona mbwa aliyekwisha kutulia akiitafuta sauti hiyo chini ya vitanda mpaka usiku wa manane.

Hatua ya 8: Mrudishe na ratiba yake

Siku ya kuondoka nampa mwenyewe nakala ya ukurasa huo, na nampigia tena aliyenipa saa za mwanzo, nimweleze kama nilisogeza chochote. Mbwa akifika nyumbani atalala sana siku moja au mbili. Wasimkaribishe kwa karamu. Ale kiasi chake, saa yake.

Simba bado huja kila Desemba. Mwaka jana yule mzee aliacha kazi akarudi kwao Machakos. Wiki hiyo hiyo askari mpya akanipigia simu saa 2 usiku: "Samahani mama, nimepewa nambari yako. Huyu mbwa hali, na halali." Nikafungua daftari, nikamsomea. Ugali na omena saa 1 jioni. Saa 3 mzunguke ua pamoja, mkianzia kona ya tangi la maji.