Somo: kupanga kinga ya kipindupindu kwa simu kabla ya masika

Assalamu alaykum. Somo hili ni la wajitoleaji wa afya wa shehia, hasa wenzangu wa Pemba, ambako masika yakishika njia za ndani hukatika na mtandao hupotea. Dalili za kipindupindu huanza saa chache hadi siku 5 baada ya mtu kumeza vijidudu. Ukingoja mgonjwa wa kwanza ndipo uulize nani anateka maji wapi, umeshachelewa. Kazi hii ifanyeni Februari.

Hatua ya 1: Tengeneza fomu kwenye KoboToolbox, tovuti ya kutengenezea fomu za kukusanya taarifa. Maswali yasizidi 12: watu wangapi, watoto chini ya miaka 5, wajawazito, asiyeweza kutembea, kisima gani, choo kipo au hakipo. Mwanzo niliweka 41. Siku nzima nikamaliza nyumba 4, na mama mmoja samaki wake wakaungulia jikoni akinijibu mimi.

Hatua ya 2: Pakua fomu kwenye KoboCollect, programu yake ya simu, ukiwa na mtandao. Baada ya hapo utajaza bila bando.

Hatua ya 3: Anza na visima. Hapa msifanye haraka. Simama ukingoni, toka kwenye kivuli cha minazi, acha GPS ya simu ichukue mahali kisima kilipo, subiri kosa la kipimo lishuke hadi mita 5 hivi. Satelaiti haihitaji bando. Kisha vuta kamba hadi choo kilicho karibu. Tunataka mita 30 au zaidi. Tazama na mteremko. Kisima kimoja nilichokipima kilikuwa na ukingo mzuri wa mawe, kimefagiliwa, ndoo imening'inizwa juu isiguse mchanga. Choo kiko hatua 19 tu, upande wa juu. Usafi wote ule wa akina mama haukukilinda. Kisima kama hicho kitie alama nyekundu.

Hatua ya 4: Tuma fomu, fungua jedwali, panga nyumba kwa visima wala si kwa majina. Nyumba 38 zikiteka kisima chekundu, kila moja ndoo ya lita 20 ya kunywa kwa siku, kwa siku 14 unahitaji vidonge 532 vya klorini, ikiwa kidonge kimoja ni cha lita 20. Vidonge havilingani nguvu, soma pakiti.

Hatua ya 5: Chapisha. Nakala moja kwa sheha, moja kituo cha afya.

MASWALI

Mwalimu, waliougua tuwaandike kwenye kundi la WhatsApp ili watu wajihadhari?
La, dada yangu. Jina la mgonjwa mpelekee mhudumu wa kituo peke yake. Kundini andika kisima na maji yatibiwe vipi. Mtu akiaibishwa, wa pili ataficha kuharisha kwake, na huyo ndiye tutakayemkosa.

Simu ikiingia maji kabla sijatuma?
Fomu zinapotea. Mimi zilinipotea za siku mbili, nikarudi nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Tuma kila jioni, hata kama ni kupanda kilimani kutafuta mtandao.

Kaka, wavuvi wa dago, yaani kambi ya uvuvi, tuwahesabu wapi? Wanalala pwani wiki nzima.
Swali zuri sana hili. Dago lihesabu kama nyumba: wako wangapi, maji wanachukua wapi, wanajisaidia wapi, wanarudi lini. Wapelekee vidonge kabla hawajaondoka, na muulize nahodha, ndiye anayejua idadi.