Kuongoza mjadala wa jinsia, rangi na mapenzi kwa wakimbizi Wahmong

Wahmong ni kabila la milimani Laos na nchi jirani. Mwongozo huu ni kwa wanaofundisha sosholojia au kuongoza makundi ya kujisomea vyuoni Dodoma. Tenga saa 2, washiriki wasizidi 15, na uwe na karatasi za manila na maka peni.

Anza na vita, si mila. Ukianza na mahari, darasa litasema "hata Ugogo tunatoa ng'ombe" na mjadala utafia hapo. Kwa dakika 20, onyesha kwenye ramani jinsi CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilivyowatumia Wahmong wa Laos kupigana na wakomunisti chini ya Jenerali Vang Pao, Mhmong mwenzao, jinsi walivyovuka mto Mekong baada ya wakomunisti kushinda mwaka 1975 kuingia Thailand, na jinsi wengi walivyofika Marekani, kwenye majimbo ya Minnesota na California.

Kisha chora nyumba moja: baba wa ukoo wa Vang, mama wa Xiong. Watoto ni Vang. Mama anabaki na jina la Xiong, ila kwa dini ya jadi yuko chini ya mizimu ya ukoo wa mumewe. Uliza: akiachika, nani atamzika? Kila mmoja aandike kimya dakika 3 kabla ya yeyote kusema, la sivyo wanaume watajibu kwa niaba ya wote. Swali hili lina uzito kuliko mahari. Lipe nusu saa nzima.

Usimchore mwanamke kama mnyonge tu. Katika kambi ya wakimbizi ya Ban Vinai, Thailand, wanawake walitarizi vitambaa vya paj ntaub vyenye picha za vita, vikauzwa nje. Baadhi ya michoro ilichorwa na wanaume. Uliza fedha ile ilibadilisha nini nyumbani.

Kwenye rangi, chukua mfano wa 2020: mmoja wa polisi wanne waliohukumiwa kwa kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi Minnesota, alikuwa Mhmong. Wahmong wenyewe walibishana vikali juu yake, vijana na wazee.

Mapenzi ya jinsia moja yanahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa sheria yetu inayaadhibu. Usirekodi, usipitishe orodha ya mahudhurio, usimuulize mtu habari zake. Baki kwenye ukoo: posa hupangwa na wazee wa koo mbili, basi anayempenda wa jinsia yake anakosa wa kumsemea. Kataa kauli ya "Wahmong wanaamini". Mzee wa jadi, Mkristo na kijana aliyezaliwa mjini St. Paul, Minnesota, hawasemi kitu kimoja. Karatasi za sehemu hii zichanwe kabla watu hawajatoka.