Hatua za kupima wingi wa chuma katika Njia Nyeupe kwa kutumia Sefeidi

Sefeidi ni nyota kubwa za manjano zinazovimba na kunywea kwa mpigo usiobadilika, kuanzia siku chache hadi zaidi ya siku 50. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt alionyesha, kwa nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, kwamba mpigo ukiwa mrefu nyota nayo hung'aa zaidi. Kwa hiyo mpigo hukupa mwangaza halisi, ambao ukiulinganisha na unaoonekana hukupa umbali, na spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) hukupa kemia. Nyota hizi ni changa, za makumi hadi mamia machache ya mamilioni ya miaka, hivyo chuma kilichomo ni kilekile cha gesi ya sahani ya galaksi ilivyo karibu na sasa.

Watu wengi huhangaikia spektra, lakini makosa mabaya zaidi huingilia kwenye umbali. Nyota ikipangwa mahali pasipo pake, mteremko wa chuma (jinsi kinavyopungua kutoka kitovu cha galaksi kwenda nje) utakaouchora ni wa uongo hata kama chuma chenyewe kimepimwa vizuri.

Hatua ya 1: Vuta orodha

Ingia kwenye hifadhi ya data ya Gaia, darubini ya angani ya Ulaya, toleo la tatu (2022), ukaendeshe amri hii:

```
SELECT v.source_id, v.pf, v.p1_o,
 v.mode_best_classification,
 v.int_average_g, v.int_average_bp,
 v.int_average_rp, g.l, g.b
FROM gaiadr3.vari_cepheid AS v
JOIN gaiadr3.gaia_source AS g
 ON v.source_id = g.source_id
WHERE v.type_best_classification = 'DCEP'
 AND g.b BETWEEN -20 AND 20
```

DCEP ni Sefeidi za kawaida, pf ni mpigo wa msingi, na l na b ni longitudo na latitudo za galaksi. Kikomo cha digrii 20 cha b huondoa karibu nyota zote za Mawingu ya Magellan na za galaksi jirani, ambazo zimejaa kwenye jedwali hilo. Tumia wastani wa mwangaza uliomo kwenye jedwali la Sefeidi, kwa sababu umekokotolewa kutoka mkunjo mzima wa mwanga (grafu ya mwangaza kwa muda).

Hatua ya 2: Sahihisha mpigo

Baadhi ya Sefeidi hudunda kwa sauti ya pili (mdundo wa kasi zaidi) badala ya sauti ya msingi, na mpigo wao uko kwenye safu ya p1_o. Ubadilishe kuwa wa msingi kwa uwiano P1/P0 = 0.716 − 0.027 log P1. Nyota ya siku 3 inakuwa ya siku 4.27. Ukisahau hatua hii, nyota hiyo itasogezwa karibu nasi kwa takriban asilimia 20.

Hatua ya 3: Tafuta umbali

Vumbi la sahani hufifisha nyota na kuifanya nyekundu kwa pamoja, kwa hiyo tumia kipimo kinachofuta athari hiyo:

W = G − 1.90 (BP − RP)

G, BP na RP ni wastani wa mwangaza katika vichujio vya Gaia: kipana, cha bluu na cha nyekundu, kwa magnitudo (namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi). Mwangaza halisi wa W, kwa nyota yenye chuma kama cha Jua, ni takriban −6.0 − 3.2 (log P − 1), P ikiwa mpigo wa msingi kwa siku. Chukua nyota ya siku 10, G = 9.0 na BP − RP = 1.5. W inakuwa 6.15, tofauti yake na mwangaza halisi ni 12.15, na umbali (d) ni kiloparseki 2.7 (kiloparseki moja ni kama miaka ya nuru 3,260). Kisha pata umbali wake kutoka kitovu cha galaksi (R):

R² = R₀² + (d cos b)² − 2 R₀ d cos b cos l

R₀, umbali wa Jua kutoka kitovu hicho, ni kiloparseki 8.2. Nyota yetu ikiwa kwenye l = 120° na b = 0°, R yake ni 9.8.

Hapa kuna mtego. Sefeidi za aina ya pili ni nyota kongwe zenye chuma kidogo, na zina mwangaza hafifu kwa takriban magnitudo 1.5 zikilinganishwa na za kawaida zenye mpigo uleule. Ikikuponyoka moja, utaiweka mbali maradufu. Ikiwa upande wa nje wa Jua, hapo ndipo balaa: chuma kidogo, tena pembezoni, na mteremko wako unakuwa mkali kuliko ulivyo. Kagua kimo chake, d sin b. Iliyo kiloparseki nzima juu ya sahani, nayo iko ndani ya R = 10, ni ya kutiliwa shaka. Zaidi ya R = 12 legeza sharti hilo, maana sahani hupinda na kutanuka huko.

Hatua ya 4: Pima chuma

Spektra zilizo wazi kwa umma, zenye uwezo wa kutenganisha rangi (R ya spektra) wa 40,000 au zaidi, hupatikana katika hifadhi ya ESO, shirika la Ulaya la vituo vya kuangalia anga la kusini. Joto la Sefeidi hubadilika kwa kelvini 1,000 hivi katika mpigo mmoja, kwa hiyo lipime kwenye spektra ileile, kwa uwiano wa kina cha mistari ya giza iliyomo, wala usichukue rangi ya wastani. Kosa la kelvini 100 laweza kukuhamishia chuma kwa karibu deksi 0.1 (deksi moja ni mara kumi). Ruka awamu ambapo mwangaza unapanda kwa kasi, kwani mawimbi ya mshtuko huvuruga mistari.

Usitumie kaboni wala nitrojeni kufuatilia galaksi, kwa sababu nyota imekwisha kuzichanganya yenyewe kutoka tumboni mwake. Chuma, silikoni na kalsiamu zinafaa.

Ukiunganisha vipimo vya waandishi tofauti, angalia kwanza chuma cha Jua walichotumia, kwenye kipimo cha logi ambapo hidrojeni ni 12. Anayetumia 7.67 na anayetumia 7.50 wanatofautiana kwa deksi 0.17, sawa na kusogea kiloparseki tatu kwenye sahani.

Hatua ya 5: Chora mteremko

Weka R kwenye mhimili wa chini na chuma kwenye ule wa wima, kisha pitisha mstari kati ya R = 5 na 15. Tarajia kushuka kwa deksi 0.05 hadi 0.06 kwa kila kiloparseki. Halafu chora mabaki (tofauti ya kila nyota na mstari huo) dhidi ya log P. Yakiegemea upande mmoja kadiri mpigo unavyorefuka, rudi hatua ya 4: joto au graviti ya uso wa nyota imekadiriwa vibaya kwenye nyota zenye mpigo mrefu.