Kabla hujaiamini antibodi yako ya IκBα, ipime hivi

Ukipokea kile kichupa cha antibodi (protini ya kinga inayonasa protini nyingine) ya sungura ya kutafuta IκBα, protini ya ndani ya seli, usikimbilie kuitumia kwenye sampuli za maana. Ipime kwanza kwa western blot, yaani unatenganisha protini kwenye jeli, unazihamishia kwenye membreni, alafu antibodi inaionyesha yako kama mstari, ndo bendi. Hii ni poliklono, yaani sungura kadungwa protini au kipande chake, mwili wake ukatoa antibodi za kila namna zinazong'ang'ania sehemu tofauti za protini ileile, kwaiyo inanasa hata protini ikiwa kidogo ila humohumo kuna zingine zinashika vitu visivyohusika kabisa. Alafu loti (toleo la kiwandani) ikibadilika tabia nayo inaweza kubadilika.

Uzuri ni kwamba IκBα yenyewe inakupa kipimo. Kazi yake ni kuishikilia NF-κB, protini ya kuwasha jeni, nje ya kiini cha seli. TNF-alfa, protini ya ishara ya uvimbe, ikifika, kimeng'enya cha IKK kinaibandika IκBα fosfeti kwenye serini ya 32 na ya 36, inatiwa ubikwitini (alama ya kutupwa), proteasomu, mashine ya seli ya kusaga protini, inaitafuna, NF-κB inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni nyingi ikiwemo ya IκBα hiyohiyo! Ndo maana inapotea haraka na baada ya kama saa moja unaiona inarudi.

Kwaiyo chukua seli za HeLa (seli za binadamu zinazokuzwa maabara), sahani tano, weka TNF-alfa nanogramu 10 hadi 20 kwa mililita, dakika 0, 5, 15, 30 na 60. Anza na ile ya 60 ili zote uzivune kwa pamoja. Ukiweza ongeza sahani ya sita, itangulizie MG132 ya kuzuia proteasomu alafu ipe TNF dakika 15, hapo bendi inatakiwa ibaki. Muda ukifika sahani kwenye barafu, osha na PBS (maji ya chumvi yenye bafa) baridi, pasua seli kwa RIPA, bafa ya kupasulia seli, yenye vizuizi vya proteasi (vimeng'enya vinavyokata protini), na fanya chapuchapu maana seli haikusubiri wewe umalize kupiga stori.

Pima protini, pakia maikrogramu 20 hadi 30 kila shimo baada ya kuchemsha nyuzi 95 dakika 5, jeli ya asilimia 10 au 12. Membreni ya PVDF (aina ya plastiki) iloweshe kwanza kwenye methanoli. Ukishahamisha, paka Ponso, rangi nyekundu ya protini, uone kama protini zimepita sawasawa, watu wengi wanaruka hii alafu wanailaumu antibodi. Ziba nafasi tupu za membreni kwa maziwa asilimia 5 ndani ya TBST (bafa ya kuoshea) saa moja, weka antibodi usiku kucha kwenye nyuzi 4. Anza na 1:1000 kama karatasi yake haisemi vingine, osha mara tatu, kisha antibodi ya pili, ya mbuzi dhidi ya sungura yenye HRP (kimeng'enya kinachofanya bendi ionekane), 1:5000 hivi. Bafa ya HRP isiwe na sodiamu azaidi, inaua kimeng'enya na utabaki na membreni nyeupe.

Sasa hapa ndo wengi wanaponaswa, protini ya kulinganishia, ile ya kuonyesha kila shimo limepata kiasi sawa. IκBα inakaa kwenye kilodaltoni (kipimo cha ukubwa wa protini) 37 hadi 39, aktini iko 42, GAPDH iko 37, zote majirani wa karibu mno, ukizitumia hutajua bendi ipi ni ya nani. Tumia vinkulini iliyo juu huko kwenye 117 au tubulini ya kama 50 hadi 55.

Kusoma ni rahisi. Bendi iliyopo dakika 0, ikafifia sana au kutoweka kwenye 15, ikaanza kurudi kwenye 60, hiyo ndo yako. Zingine zinazokaa palepale mwanzo mwisho ni uchafu, hata kama zinawaka kuliko yako. Kama hakuna inayocheza kabisa cheki TNF kwanza, ikigandishwa na kuyeyushwa mara nyingi inakufa, usiitupe antibodi. Na siku zote acha kipande kimoja cha membreni bila antibodi ya kwanza, bendi zikitokea hapo zinatoka kwa ile ya pili.

Kutunza: yenye gliseroli nusu kwa nusu haigandi kwenye nyuzi hasi 20, iache kwenye kichupa chake. Isiyo nayo igawe vichupa vidogo, na isikae kwenye friza inayojiyeyusha barafu yenyewe. Lisati (ule mchanganyiko wa seli zilizopasuliwa) za dakika 0 na 15 zilizobaki zihifadhi hasi 80 na uandike namba ya loti, loti mpya ikija unazipakia hizo mbili tu, asubuhi yake una jibu.