Kwenda Harar, mji wa ukuta, kutokea Addis: maelezo kwa anayeanzia Moshi au Arusha

Watu wa huku kwetu wengi wameshapita Addis Ababa bila kuiona. Unapanda ndege ya shirika la Ethiopian pale KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, masaa mawili na nusu hivi umetua, unakaa uwanjani kusubiri ndege ya kuunganisha kwenda Dubai au China, na Ethiopia yako inaishia hapo. Mimi nilifanya hivyo mara mbili, ya tatu nikasema safari hii natoka nje naenda Harar. Tangu nirudi kila mtu ananiuliza nilifikaje, basi nayaweka hapa yote.

Harar iko mashariki ya Ethiopia, kwa barabara ni kama kilomita 525 kutoka Addis, kwa hiyo ukisikia mtu anasema utaenda na kurudi siku moja usimsikilize kabisa. Tenga siku tatu, nne ndiyo nzuri zaidi. Ule mji wa zamani wa ndani ya ukuta wanauita Jugol, ukuta wenyewe ulijengwa karne ya 16 enzi za Amiri Nur ibn Mujahid na unazunguka mji kilomita tatu na nusu hivi. Yule mpelelezi Mwingereza Richard Burton tuliyemsoma shuleni, aliyepita Tabora akafika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa Harar, na mji ulikuwa na amiri wake na pesa yake yenyewe. Mimi hiyo ndiyo ilinivuta, mji wa Kiafrika wenye serikali yake nyuma ya ukuta wake, na bado watu wanaishi humo humo.

Haya, njia. Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba iwe ndege iwe treni, zote zinakushusha Dire Dawa, sio Harar. Sababu ni milima. Wafaransa walipojenga reli kutoka Djibouti waliona kupandisha treni mpaka Harar ni kazi kubwa mno, wakapitisha reli chini bondeni, ikafika hapo mwaka 1902 na hapo ndipo mji wa Dire Dawa ukazaliwa. Mpaka leo mpangilio ni huo huo.

Ndege ndiyo ninayoishauri. Addis mpaka Dire Dawa ni kama lisaa limoja, na ukiwa umeingia nchini na Ethiopian wenyewe kwa kawaida nauli ya ndani inapungua, kwa hiyo waambie mapema unapokata tiketi ya KIA, usingoje ufike kule. Treni ni hii mpya ya umeme iliyojengwa na Wachina, ilizinduliwa 2016 na inaenda mpaka Djibouti, ni nzuri na unaiona nchi, ila haiondoki kila siku, stesheni yake ya Addis iko nje kabisa ya mji upande wa Lebu na ya Dire Dawa nayo iko mbali na mjini, kwa hiyo hesabu na taksi za kwenda na kutoka. Tiketi wanataka pasipoti. Basi lipo pia, linaondoka alfajiri na linakula siku nzima, mabasi makubwa yao ni mazuri tu kama haya yetu ya Dar, lakini barabara inapita jimbo la Oromia na usalama kule unabadilika, leo shwari kesho hapana. Kabla ya kuchagua basi uliza watu wa hoteli yako Addis na ubalozi wetu pale pale Addis, na wakikwambia usipite, usipite. Hapo sitanii.

Ukishafika Dire Dawa ulizia stendi ya gari za Harar, ni haisi kama zetu za Moshi Arusha, inajaa ndipo inaondoka. Ni kilomita 50 na kitu, kama lisaa hivi, na karibu yote ni kupanda. Dire Dawa ni joto, Harar iko karibu mita 1,900 kwa hiyo unavyopanda unasikia hewa inabadilika kabisa kama mtu anayetoka Moshi mjini kwenda Marangu, na sweta uweke juu ya begi sio chini. Njiani utaona mashamba ya mirungi pande zote na watu wanatafuna wazi wazi. Kule ni halali, huku kwetu ni kesi, kwa hiyo hata jani moja usirudi nalo kwenye begi, kagua mifuko yote kabla hujaenda uwanjani.

Sasa kitu ambacho sisi tumebarikiwa kuliko wageni wengine wote: saa. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi! Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, lisaa linalofuata ni saa moja. Wazungu niliokutana nao walikuwa wanachanganyikiwa, mimi kondakta akisema saa kumi na moja alfajiri nimeshaelewa. Ila tiketi za ndege wanaandika saa za kizungu kama huku. Kinachochanganya ni tarehe, maana kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma yetu miaka saba au nane, mwaka mpya wao ni Septemba, kwa hiyo ukikata tiketi ya basi mwombe akuandikie na tarehe yetu pembeni.

Pesa: beba dola keshi, noti safi, badilisha benki. Kadi usiitegemee ukishatoka Addis. Bei za nauli sizitaji maana tangu Julai 2024 pesa yao, birr, ilipoachiwa sokoni imeshuka sana, nitakachoandika leo mwezi ujao ni uongo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano na visa shughulikia ukiwa bado Moshi.

Harar penyewe, lala ndani ya ukuta. Hoteli kubwa ziko nje, mji mpya, lakini kuna familia zinapokea wageni kwenye nyumba zao za asili ndani ya Jugol na hapo ndipo utaelewa mji. Ukiingia sebuleni kuna majukwaa ya kukalia ya ngazi tano tofauti, kila moja na mtu wake kwa heshima yake, na kuta zimejaa vikapu na mabakuli mpaka juu. Vua viatu, salimia wakubwa kwanza, ukisema salaam aleikum umeshapokelewa, maana ndani ya ukuta ule kuna misikiti 82. Wadada bebeni mtandio.

Mageti ya zamani ni matano, kila moja na upande wake. Shika jina la geti lililo karibu na unapolala, vichochoro ni zaidi ya mia tatu na vinafanana, simu inapoteza ramani humo ndani, lakini ukiuliza geti hata mtoto anakuelekeza. Kichochoro cha mafundi cherehani usikikose, kinaitwa Makina Girgir, jina limetokana na mlio wa cherehani zenyewe.

Usiku kuna fisi. Najua huku kwetu fisi ni mambo ya uchawi na mimi mwenyewe nilikuwa na woga, lakini kule wanaishi nao, ukuta una matundu madogo waliyoachiwa wapite waingie kula mabaki mjini. Giza likiingia kuna watu wanawalisha nyama nje ya ukuta, karibu na geti la Fallana na sehemu nyingine, unakaa pembeni unaangalia. Nenda na mwenyeji, tulia, na ukialikwa kumlisha kwa kijiti fanya anavyokuelekeza yule mlishaji.

Na kahawa jamani. Sisi tumekulia migombani na kahawa, tunajua kukoboa na kuosha, wao wanaianika na ganda lake mpaka ikauke, ndiyo maana ina harufu kama ya matunda. Wanaiita buna, na sisi tunasema buni, neno moja! Nunua kwa wakaangaji wa ndani ya Jugol wakikaanga ukiona, asubuhi, siku moja kabla ya kuondoka, kwa sababu siku ya kuondoka hutakuwa na muda: shuka Dire Dawa angalau masaa manne kabla ya ndege, haisi ikichelewa kujaa hakuna atakayekusubiri, na ndege ya kuunganisha kutoka Addis kuja KIA uiweke kesho yake, sio siku hiyo hiyo.